Kinjeketile Apanda Kifodi cha Sakina

Niliteremka Sakina saa kumi na mbili jioni, katikati ya Julai, nikiwa na sweta moja nyepesi. Sisi watu wa Rufiji tukiambiwa baridi tunadhani ni ile ya alfajiri, inayokwisha jua likichomoza. Ya Sakina inaanza jua likizama, na mwezi wa Julai jua lenyewe huweza kushinda limejificha kutwa nzima. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara aliniona nilivyojikunyata, akacheka, akasogeza kigoda karibu na jiko. "Njoo uote moto, baba. Umetoka kwenye joto, eh?"

Nikaota. Mlima Meru haukuonekana. Ukungu ulikuwa umeufunika kuanzia kilele hadi migombani, na ungeapa kwamba nyuma ya zile nyumba hakuna kitu. Hadi leo nikiambiwa niitaje sehemu moja ya Arusha ninayoipenda, watu hutegemea nitaje mbuga au hoteli. Naitaja Sakina, nikianzia na jiko lile.

Asiyeijua huipita tu. Iko kaskazini-magharibi ya katikati ya jiji, kwenye barabara kuu iendayo Namanga, na wasafiri wengi huiona kwa dirisha la basi la Nairobi: maduka ya vifaa vya ujenzi, gereji, baa, makanisa, vijana wa bodaboda wamejipanga na majaketi yao mazito. Halafu inakuja Kwa Iddi, halafu Ngaramtoni, na mji unabaki nyuma. Upande wa pili, ile barabara pana ya njia mbili kila upande, kilomita 14.1, inaanzia hapa hapa Sakina na kulikata jiji hadi Tengeru. Kwa hiyo mahali hapa ni kizingiti. Mama wa Kiarusha aliyeshuka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, lori linalokwenda Kenya, mzee mwenye lubega na simu iliyoning'inia shingoni, mwanafunzi na begi lake: wote wanangojea nafasi moja ya kuvuka barabara.

Neno lenyewe, sakina, kwa Kiarabu ni utulivu. Aliyelala kando ya barabara ile akisikia malori yakibadili gia usiku kucha atacheka. Lakini ingia ndani hatua mia mbili tatu, uelekee mlimani, migomba inameza kelele zote. Unabaki unasikia maji ya mfereji, kuku, na redio ya jirani. Utulivu upo, ila haukai barabarani.

Nilikuwa nimealikwa na mwalimu wa Kiswahili, dada wa Kimeru tuliyesoma naye chuo, anayefundisha kidato cha tano katika shule moja ya pande hizo. Alikuwa ameniandikia ujumbe mfupi: "Njoo uniletee Rufiji. Hawa watoto wangu wanaisoma Kinjeketile kama wanasoma risiti ya umeme." Nilimwelewa. Wanafunzi wetu wanafundishwa tamthilia kwa majedwali: dhamira, ujumbe, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mtoto anaweza kukutajia dhamira saba za kitabu ambacho hakijawahi kumkosesha usingizi hata usiku mmoja.

Darasani Mwalimu aliandika neno moja ubaoni: TANZIA. Akauliza maana yake.

"Ni tangazo la kifo, Mwalimu," akasema kijana wa nyuma. "Lile la kwenye magrupu ya WhatsApp."

Darasa likacheka, naye akainamisha kichwa akidhani amekosea. Kumbe alikuwa ametupa ufunguo. Tangazo la tanzia halimfichi mtu. Jina la marehemu liko juu kabisa. Unajua amekwisha kufa kabla hujasoma mstari wa pili. Unachokitafuta ni habari nyingine: ilikuwaje, alikuwa wapi, nani alikuwa naye, kamwacha nani. Na tamthilia ya tanzia inasomwa hivyo hivyo. Wagiriki wa kale waliokwenda kuitazama ile ya Sofokle, ambayo Samuel Mushi alitufasiria mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode, walikuwa wanaijua hadithi tangu utotoni. Walikwenda kumtazama mtu mwenye akili akitembea kwa miguu yake kuelekea kwenye shimo wanaloliona wao na asiloliona yeye. Anayefungua Kinjeketile naye anajua tayari kwamba maji ya kinga waliyopewa wapiganaji wa Majimaji hayakuzuia risasi. Ebrahim Hussein hakujisumbua kutuficha hilo. Yeye anatukalisha tumwone mganga wa Ngarambe, kwetu Rufiji, akitambua kosa mapema, akijaribu kulizuia, na akishindwa kwa sababu watu wamelipenda.

Nikawauliza kitabu hicho kiliandikwa lini.

"Wakati wa Vita vya Majimaji."

Hili ni kosa la kawaida, wala si la kudharau, kwa sababu mwandishi anapofaulu hujifuta. Lakini tanzia ina saa mbili ukutani, moja ya mhusika na moja ya mwandishi, na anayetazama moja tu atakosa wakati. Saa ya mhusika inasema 1905: Wajerumani, shamba la pamba la kulimwa kwa lazima, mnyapara na kiboko chake, njaa nyumbani kwa sababu mikono yote iko kwenye pamba ya mtu mwingine. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza, na ilipokwisha mwaka 1907 kusini yote ilikuwa imeungua. Saa ya mwandishi inasema 1969. Kati yake kuna miaka 64.

Na zama za mwandishi zilikuwa na moto wake. Hussein, mzaliwa wa 1943 wa kule kule kusini, mkoa wa Lindi wa leo, alikuwa kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ambayo Uhuru ulikuwa bado na harufu ya rangi mpya. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo hicho walikuwa wakitumwa vijijini kuwasikiliza wazee waliokumbuka Majimaji, ili vita ile isibaki mikononi mwa waandishi wa Kijerumani peke yao. Rais wa nchi, baada ya kazi za Ikulu, alikuwa akimtafsiri Shakespeare. Nyerere alitoa Julius Caesar mwaka 1963, akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Litazameni neno hilo, niliwaambia watoto: mabepari. Angeweza kusema mfanyabiashara, au tajiri tu. Lakini ilikuwa 1969, na neno bepari lilikuwa linazunguka nchi nzima. Ndani ya mwaka mmoja, basi, msomaji wa Kiswahili alipata Roma, Venisi na Ngarambe. Sidhani kama rafu zetu za vitabu zimewahi kuona mwaka mwingine wa namna hiyo.

"Na neno bepari lilianzaje kuzunguka?" akauliza binti mmoja wa mbele.

Mwalimu akanitazama, akatabasamu. Swali hilo jibu lake liko kilomita chache tu kutoka Sakina.

Jumamosi tukapanda vifodi. Ndivyo watu wa Arusha walivyozoea kuziita daladala zao, na mimi nalipenda jina hilo kuliko daladala. Wanafunzi kumi na wanane, walimu wawili, mgeni mmoja kutoka Rufiji, katika magari mawili ambayo makondakta wake walishikilia kwamba kila kiti kina nafasi ya mtu mmoja zaidi. Tukapita chuo cha ufundi, watu wanaita Technical, tukashuka Mianzini, tukaingia mjini.

Makumbusho ya Azimio yako Kaloleni. Ni jengo dogo. Mtalii aliyetoka kutazama tembo anaweza kulizunguka kwa nusu saa akaona halina kitu. Ni ukumbi ule ule ambao Halmashauri Kuu ya TANU ilikutania mwishoni mwa Januari 1967, na yaliyokubaliwa humo yakatangazwa tarehe 5 Februari, yakaitwa Azimio la Arusha. Mabenki, viwanda, mashamba makubwa, miiko ya viongozi, kujitegemea: yalipita mlango ule. Picha za ukutani ni za rangi nyeusi na nyeupe, wanaume wenye mashati meupe wakisikiliza. Nje, hatua chache, unasimama Mnara wa Mwenge.

Nilikaa kwenye ngazi na wale wanafunzi nikawakumbusha mahali pamoja katika mchezo. Kinjeketile anatoka mtoni, amepagawa na Hongo, anawatangazia watu habari ya maji yatakayowalinda. Anashangiliwa. Akiwa katika hali ile ile anasema pia kwamba Mjerumani akishaondoka watakuwa watoto wa Seyyid Said. Fahamu zikimrudia, maneno hayo yanamtisha: tunamwondoa bwana mmoja tumkaribishe mwingine? Hapo anaanza kulitilia shaka neno zima. Lakini neno limekwishatoka, limeota miguu, limefika kwa Wamatumbi, kwa Wazaramo, limempita kimo yeye aliyelizaa. Anasema tungojeni, hakuna anayetaka kungoja.

Kijana yule wa WhatsApp akanyoosha mkono, akautazama ule ukumbi. "Kwa hiyo hapa nako lilizaliwa neno."

Sikuongeza kitu, maana alikuwa ameipata mwenyewe. Wako wanaosoma Kinjeketile kama sifa tupu kwa mashujaa wetu, na wako wanaoisoma kama kejeli ya siri kwa zama za Ujamaa. Naona wote wanaharakisha. Hussein alikuwa mtoto wa zama zile, alizipenda vya kutosha kuziogopea. Miaka miwili tu baadaye, katika tamthilia yake ya Mashetani, ile hofu ndiyo iliyokamata usukani. Lakini mwaka 1969 bado alikuwa amesimama katikati, na tanzia huandikwa vizuri na mtu aliyesimama katikati.

Kutoka Kaloleni tulikwenda kwa miguu hadi Boma. Siku hizi ni makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, lina kuta nene nyeupe na nyasi zilizokatwa vizuri, na maharusi huja kupiga picha. Wajerumani walilijenga mwaka 1900 kwa mikono ya Waarusha waliolazimishwa. Hapo Mwalimu alichukua usukani, nami nikawa mwanafunzi.

Aliwaambia habari ya Akeri, upande wa Meru: Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha. Kapteni Johannes wa Wajerumani alikuja kulipiza kisasi kutoka Moshi, na hakuja na askari wake tu. Alikuja na wapiganaji wa Kichagga. Nyumba zilichomwa, ng'ombe walichukuliwa, migomba ilikatwa. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga watu 19 kule Old Moshi, akiwemo Mangi Meli na Mangi Ngalami wa Siha, na pamoja nao viongozi waliotolewa Meru na Arusha. Mwaka huo huo ndipo kuta hizi zilipoinuliwa.

"Basi kusini walipoanza," akasema binti wa mbele, "sisi huku tulikuwa tumekwisha kunyongwa."

"Mlikuwa mmekwisha."

Alifikiri kidogo. Anatoka Ngaramtoni, baba yake Mwarusha, mama Mchagga wa Kibosho, alinieleza baadaye. "Lakini wa kusini walikuwa makabila mengi pamoja. Maji ndiyo yaliyowaunganisha. Sisi huku Johannes aliwatumia Wachagga kutupiga sisi, kabla ya hapo aliwatumia Wachagga kuwapiga Wachagga." Akautazama ukuta. "Huku hatukuwa na maji."

Nimesoma tahakiki nyingi za Kinjeketile katika maisha yangu. Sijasoma sentensi iliyonipiga kama ile, tena imesemwa chini ya mlima wa mita zaidi ya 4,500 unaotiririka mito na mifereji kila upande.

Tukarudi Sakina njaa ikiuma. Kuna mama mwenye mgahawa nyuma ya stendi ya bodaboda anayepika loshoro: mahindi yaliyochemshwa yakalainika, ndizi, na maziwa ya mgando, vyote vikapondwa pamoja kwenye bakuli kubwa. Kinapoa polepole na kinajaza tumbo kama deni lililolipwa. Mimi niliyelelewa kwa wali na samaki wa mto, kijiko cha kwanza kilinishangaza, cha tatu kikanishinda kuacha. Wakati wa kula ndipo mjadala ulipowaka, na aliyeuwasha ni kondakta mmoja aliyekuwa akinywa chai meza ya pili.

"Mnasema Majimaji ni mambo ya zamani? Mwaka 2011 nilikuwa napeleka watu Loliondo kila wiki."

Wanafunzi walikuwa wadogo mno kukumbuka, lakini nyumba zao zinakumbuka. Kila mmoja alikuwa na shangazi au babu aliyekwenda Samunge, huko Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Arusha ilijaa wageni, wagonjwa walitoka nchi nzima na nje ya nchi, walikwenda mawaziri, walikwenda maskini, na foleni ya magari porini ilihesabiwa kwa kilomita.

"Ulikunywa?" kijana akamwuliza kondakta.

"Nilikunywa. Mara mbili."

"Uliamini?"

Kondakta akazungusha kikombe chake cha chai. "Dogo, ukiwaona watu elfu wamesimama wanangoja kitu kimoja, wewe peke yako utasimama wapi?"

Mwalimu alikuwa ametoa kalamu, anaandika jibu hilo nyuma ya daftari la mahudhurio. Kesho yake aliniambia kondakta yule ameeleza kwa sentensi moja kwa nini Kitunda, mpiganaji mwenye busara kuliko wote katika mchezo, aliongoza watu vitani.

Nisiache kusema habari ya maji ya mlima huu, maana kuyasifia tu ingekuwa uongo. Ni baridi, ni meupe, yanapendeza machoni, na katika chemchemi na visima vingi yana madini ya floraidi kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaona inatosha. Ndiyo maana mtu wa Arusha ukikutana naye Mtwara, akitabasamu tu umemjua: meno ya kahawia. Waliokunywa maji makali zaidi tangu utoto hupinda hata mifupa. Wazee wa huku walichimba mifereji kwa ustadi, wakaishusha neema ya Meru hadi kwenye kahawa na migomba yao, na ndani ya neema hiyo lilikuwemo jambo lisiloonekana kwa macho. Sikulitumia darasani. Watoto wenyewe walilitaja, wakicheka kwa midomo iliyofumbwa.

Saa kumi tukapanda njia ya vumbi ielekeayo mlimani. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, migomba inang'aa, na harufu ilikuwa ya udongo mweusi na moshi wa kuni. Njia ikipinda unageuka nyuma unaiona Sakina yote chini yako, mabati yake ya kila rangi na barabara ile iliyonyooka kuelekea Namanga, malori madogo kama punje za maharage. Nimesimama sehemu nyingi zinazosifiwa. Hapa pananitosha.

Kando ya mfereji Mwalimu akagawa nafasi. Binti wa Ngaramtoni akawa Kinjeketile, kijana wa WhatsApp akawa Kitunda, fimbo za kufungia migomba zikawa bunduki. Wakaigiza mwisho: wameshindwa, wamefungwa, Mjerumani anataka Kinjeketile akiri mbele ya watu kwamba maji yalikuwa uongo, na Kitunda anamsihi akiri, kwa sababu ni kweli na kwa sababu itamwokoa. Kinjeketile anakataa. Akikiri, wajukuu wataambiwa kwamba kupigana nako kulikuwa uongo.

Waligombana vizuri. Kitunda alisahau maneno ya kitabu akaanza kusema ya kwake, kwa sauti ya mtu anayemwomba ndugu yake asife. Binti alinyamaza muda mrefu, mrefu kuliko kitabu kinavyotaka, maji yakipita miguuni mwake.

Hatukumwona bibi aliyekuja kuchota. Alikuwa amesimama na ndoo yake, shuka begani, anasikiliza. Mwalimu alimwamkia, "Takwenya, koko." Akajibu, "Iko." Kisha akauliza kwa Kiswahili ni maji gani yanayobishaniwa.

Kijana akamweleza: mtu mmoja wa zamani, mbali huko kusini, aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi, wakaenda vitani, wakafa wengi.

Bibi aliinama akajaza ndoo, akaitua kando, akajifuta mikono. "Na yeye mwenyewe aliyatumia?"

Kijana akafungua mdomo. Akamgeukia binti, binti akamgeukia Mwalimu, Mwalimu akanitazama mimi mtu wa Rufiji. Nyuma yetu mtu alikuwa amekwisha kufungua kitabu, anapekua kurasa kwa haraka, na wengine wakamzunguka wakisoma juu ya bega lake.